Nadhiri ya Mama Ghaibu

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa na sura ya asubuhi, Mama Ghaibu alitoka uani baada ya daku, akashika kiuno, akautazama mnara uliochungulia juu ya ukuta wao, akausalimu kama alivyousalimu siku zote.

"Umeamkaje, Kibiongo?"

Mumewe, Dhanuni, alikuwa amekaa kizingitini akichambua pamba ya godoro kuukuu. Kazi yake tangu ujana ilikuwa hiyo, kuchambua pamba na kushona magodoro. Sasa hakukuwa na mteja, lakini mikono ilikataa kulala.

"Amekujibu?"

"Anasema mgongo unamuuma."

"Mwambie hata mimi."

"Wewe unaumwa na uvivu. Yeye amesimama tangu enzi za masultani na hajaomba kiti."

Dhanuni alicheka puani, akarudi kwenye pamba yake. Hakujua kwamba angeikumbuka asubuhi hiyo. Haikuwa na kitu. Mwanamke amesalimia mnara, mwanamume amechambua pamba, basi.

Mnara ulikuwa wa msikiti mkubwa wa Mosul, katika mji mkongwe ng'ambo ya magharibi ya mto. Waliojenga waliujenga wima. Ukainama wenyewe polepole, na watu wakauita Kibiongo. Ukiwa uani kwa Dhanuni ungedhani umejiinamia kwao kuchungulia wanapika nini.

Siku hiyo hakukuwa na cha kupika. Ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho, na mji umezingirwa. Askari wa serikali walikuwa wamefika mitaa ya karibu. Ndani walibaki watu wa bendera nyeusi, na katikati yao watu wa kawaida, wamebanwa. Mama Ghaibu alikuwa na konzi chache za ngano, na kisima chenye maji ya chumvichumvi.

Chini ya nyumba kulikuwa na chumba cha kukimbilia joto la kiangazi. Huko walikuwa wamehamia Sabawi kinyozi na mkewe Nadhima, majirani wa mtaa wa nyuma. Wangeweza kukimbilia mbali. Walikimbilia msikitini, kama watu wengi wa Mosul walivyofanya. Kila mtu alisema hakuna mkono utakaomgusa Kibiongo. Ndege za serikali zitamkwepa kwa aibu. Wale wa bendera nyeusi walisimama katika msikiti huohuo kujitangazia utawala, basi watamlinda kwa kiburi. Nyumba zilizo chini ya mnara zikajaa, familia juu ya familia. Mgeni angewaona wendawazimu. Wao waliona wamepata kivuli.

Sabawi alipanda kutoka chini, ndevu zake zimeota ovyo, yeye kinyozi.

"Shemeji, kesho alfajiri vaa viatu."

"Naenda harusini?"

"Tunatoka. Kuna mtu anajua njia. Wametoboa kuta toka nyumba hadi nyumba, unapita ndani kwa ndani mpaka kwa askari. Tukichelewa tena, tutaliwa na njaa kabla ya risasi."

"Nendeni salama. Mtusalimie huko."

"Sikutanii, Mama Ghaibu."

"Mimi pia sikutanii. Siondoki."

Sabawi alimgeukia Dhanuni, kama mtu anayeomba msaada wa kusukuma gari. Dhanuni aliweka pamba chini. Alikuwa na haja moja tu duniani iliyobaki, kumtoa mwanamke huyu pale akiwa hai. Mengine yote alikwisha kuyasamehe, nyumba, kazi, mji.

"Mama Ghaibu," alisema, "miaka yote nimekufuata wewe. Kesho nifuate mimi."

"Siwezi."

"Watatuua hapa."

"Nani ataua watu chini ya Kibiongo?"

Sabawi alitazama miguu yake. Ndilo neno alilolisema yeye mwenyewe siku anahamia.

"Hawa wanaondoka," akaendelea Mama Ghaibu. "Leo, kesho, wanaondoka. Na Alhamisi ya kwanza baada yao, ule mlango wa msikiti ukifunguliwa, nataka wanikute nimesimama nje na ufagio wangu. Baada ya hapo nipelekeni mnakotaka."

Dhanuni alijua kwa nini. Sabawi naye alijua, mtaa mzima ulijua.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Wahbiya, binti wa mchinjaji. Aliolewa na Dhanuni wakati Dhanuni hana kitu ila upinde wa kupigia pamba. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti kubwa, na akicheka watu wa nyumba ya tatu walijua. Mwaka wa kwanza ulipita, wa pili, wa tano. Tumbo halikuonekana.

Mtu wa Mosul akishaoa haitwi jina lake. Anaitwa kwa mwanawe wa kwanza. Na asiye na mtoto haachwi mtupu, huitwa Baba Ghaibu, baba wa yule ambaye hajafika. Watu hulisema kwa adabu. Dhanuni alilipokea kama mtu anayepokea sahani tupu, akashusha macho. Mkewe alilipokea kama habari njema.

"Kama ana jina, basi yupo," alisema. "Amechelewa njiani tu."

Mama yake Dhanuni alitaka mwanawe aongeze mke. Alimwambia mbele ya Wahbiya, bila kupunguza sauti. Dhanuni hakuwa mtu wa maneno, lakini siku hiyo alijibu: "Mama, godoro langu nimelishona la watu wawili." Mama yake alimnunia mpaka Idi.

Wanawake wa mtaa walikuwa na nadhiri yao. Asiyepata mtoto huahidi kwamba akipata, atafagia ua wa msikiti mkubwa kila Alhamisi kwa mwaka mzima. Akishajifungua, hutoka na ufagio kulipa. Wahbiya alianzia mwisho. Alhamisi moja alitokea mlangoni baada ya sala ya alfajiri, wanaume wamekwisha kuondoka, akamwomba mtumishi wa msikiti ufagio. Mtumishi huyo alikuwa Mzee Idrisi.

"Binti, umejaliwa?"

"Bado."

"Nadhiri hulipwa mtu akishapewa. Wewe unalipa nini?"

"Nalipa mapema. Nikipewa nitakuwa na kazi ya kunyonyesha, nani atafagia?"

"Haya, unamwekea Mungu arbuni kama kwa muuza kabati?"

"Basi mwache Yeye aniambie niweke ufagio chini."

Mzee Idrisi alikuna kichwa, akangoja kidogo kama anasikiliza, akampa ufagio.

Akafagia Alhamisi ile na iliyofuata. Mwaka ukaisha, akaingia mwingine. Alianzia mlangoni akamalizia chini ya mnara, na hapo aliegemeza kiganja kwenye matofali akanong'ona jambo. Dhanuni alimwuliza siku moja alikuwa akinong'ona nini.

"Mambo ya wanawake na vibiongo," akamjibu.

Wenziwe walioanza nadhiri nyuma yake walipata watoto, wakalipa, wakaozesha. Yeye alikwenda kwenye harusi za watoto hao, akapiga vigelegele kuliko mama zao. Akirudi nyumbani alivua viatu akakaa navyo mapajani kidogo. Kidogo tu. Halafu aliuliza nani ameacha mlango wazi.

Kisha ikafika siku aliyokuwa akipepeta mchele akasema bila kuinua uso, "Yamekatika." Dhanuni alielewa kwamba ni siku zake za mwezi. Akapanda darini kuziba tundu ambalo halikuwepo. Huko juu alifikiri, sasa ufagio utapumzika. Alhamisi ilipofika aliusikia mlango ukifunguliwa.

Aliporudi alimkuta Dhanuni amekaa anamngoja.

"Hapa duniani nimechelewa," alisema kabla hajaulizwa. "Nitampokea kule. Si tunasomewa kwamba siku ile ardhi itasema yote yaliyotendwa juu yake? Basi Kibiongo atasimama aseme, huyu mwanamke amefagia miguuni pangu, na hakupewa kitu."

"Mungu hana haja ya shahidi."

"Mimi ninayo."

Dhanuni mwenyewe hakuwahi kuamini kwamba kuna mtoto, hapa wala kule. Hakumwambia. Wengine hula mshahara, yeye alikula tumaini la mkewe, likamtosha.

Halafu wakaja wale wa bendera nyeusi. Wanawake walifukuzwa uani msikitini, na nadhiri ikaitwa ukafiri. Mama Ghaibu akahamia nje, akafagia kichochoro kando ya ukuta wa msikiti, amejifunika nguo nyeusi mpaka vidole. Mlinzi mmoja akamsimamisha.

"Bibi, unafanya nini hapo?"

"Nafagia mavi ya mbuzi. Nayo yana dini?"

Mlinzi kicheko kilimponyoka. Kisha akaona haya kwa kucheka, akamnyang'anya ufagio, akauvunja kwa goti. Mama Ghaibu aliokota vipande akarudi navyo nyumbani. Dhanuni alivifunga kwa uzi wa kushonea magodoro, akauzungusha mara nyingi, akakaza kwa meno. Ufagio ukasimama nyuma ya mlango ukingoja.

Ndiyo maana hakutaka kuondoka. Siku hiyo yote Dhanuni alimrudia mara kwa mara. Alimwambia kwa upole, akamwambia kwa ukali. Nadhima naye alijaribu.

"Dada yangu, Alhamisi zitakuwepo. Wewe ndiye utakayekosekana."

"Nadhima, nimefika mlangoni. Unaniambia nigeuke?"

Jua lilipotua walifuturu chumbani chini, watu wanne na sufuria moja ya uji wa ngano. Ulikuwa usiku unaotarajiwa kuwa wa Kadri. Dhanuni aliweka kijiko chini akasema, "Usipokwenda, siendi." Mkewe alifungua mdomo kumjibu.

Sakafu iliinuka. Ilishuka, ndipo mshindo ukaja. Taa ikazimika, hewa ikajaa vumbi, koo zikawasha. Gizani Sabawi alipiga shahada kwa sauti kubwa, akaipiga tena. Akajipapasa kichwa na kifua.

"Kumbe sijafa," akasema.

"Nyamaza wewe!" Nadhima akamfokea, huku analia.

Walidhani ni nyumba imeanguka. Nyumba ilikuwepo. Mama Ghaibu alikuwa wa kwanza kupanda ngazi, na Dhanuni akamfuata akipapasa ukuta. Uani vumbi jeupe lilikuwa likishuka bila sauti kama unga kwenye chekecheo. Alimkuta mkewe amesimama pale anaposimama kila asubuhi. Juu ya ukuta hakukuwa na kitu. Mbingu ilikuwa pana mno, kama nyumba iliyotolewa vyombo.

Wale wa bendera nyeusi, wenye kiburi, walikuwa wameutega mnara baruti kwa mikono yao.

Dhanuni alingoja mkewe apige ukelele. Hakupiga. Alichukua ufagio wa uzi nyuma ya mlango akaanza kufagia ua. Alifagia upande huu, vumbi likaanguka upande ule. Alirudi ule, likaanguka huu. Alifagia vilevile, taratibu, akianzia mlangoni.

"Acha, Mama Ghaibu."

Hakuacha.

"Mke wangu, Mungu ameona kazi yako. Yeye hategwi baruti."

Hapo alisimama. Uso wake wote ulikuwa mweupe, nyusi, midomo.

"Mungu anaona," alisema. "Mimi ndiye sioni kitu."

Akauegemeza ufagio ukutani, akajifuta mikono kwenye nguo.

"Viatu vyangu viko wapi?"

Dhanuni alikwenda kumtafutia. Alikuwa amepata alichokiomba tangu asubuhi, na sasa kilimtisha. Kama mkewe angebishana naye, kama angemtukana, angejua kwamba bado yumo.

Alfajiri walitoka. Walipita matundu ya kuta, kutoka jiko la watu hadi chumba cha kulala cha watu wengine, wakikanyaga mito, vyungu, picha za harusi. Sabawi alitangulia akiinua juu kitambaa cheupe alichokuwa akiwafungia wateja shingoni. Nadhima alimshika Mama Ghaibu mkono, lakini hakuhitaji kushikwa. Alikwenda tu, kama kondoo wa kununuliwa. Dhanuni aligeuka nyuma mara nyingi, mkewe hakugeuka hata mara moja. Walipofika kwa askari, mmoja aliwapa maji akawaambia msafiri ana ruhusa ya kunywa. Mama Ghaibu alishika chupa mpaka ikapata moto mkononi.

Wakapelekwa kambini kusini mwa mji, mahema kwenye uwanda mkavu. Sabawi na Nadhima walipata hema la jirani. Watu waliwapa pole na hongera kwa pamoja: mmetoka hai, wote wanne, shukuruni. Dhanuni alishukuru kwa mdomo.

Mkewe hakufagia. Upepo uliingiza mchanga hemani, ukajikusanya pembeni, ukapanda kwenye magodoro, naye alikaa kati yake akiutazama. Dhanuni aliukomba kwa kiganja, baadaye kwa kipande cha boksi. Siku walipogawiwa vyombo, Nadhima alimletea ufagio mpya wa plastiki, mwekundu.

"Shika, mwanamke, mchanga utakuzika."

Aliupokea, akaugeuzageuza, akaulaza chini kama kitu cha mtoto wa watu.

Idi ikapita. Askari wakatangaza kwamba mji umekombolewa, kambini zikapigwa honi. Siku chache baadaye Sabawi alikuja anakimbia, amenyoa, anang'aa.

"Shemeji! Wanasema watamjenga upya! Tofali kwa tofali. Na atainama vilevile, wataleta wataalamu wa kumwinamisha. Umesikia wapi mtu analipwa kupinda kitu?"

Alicheka peke yake.

"Watamjenga," alisema Mama Ghaibu. "Lakini huyo mpya hanijui."

Sabawi alibaki na kicheko mdomoni, hajui akiteme wapi.

Dhanuni hakukata tamaa mara moja. Kulikuwa na hema kubwa lililofanywa msikiti. Akamwambia twende ukafagie pale, ua ni ua, Mungu ni yuleyule. Akamwambia anza upya.

"Nianze na nini, Baba Ghaibu? Nimebakiwa na Alhamisi ngapi?"

Hakuwa na ugonjwa uliojulikana. Daktari wa kambi alimpima shinikizo la damu, akampa vidonge, akasema ale, anywe maji. Mwanzoni alikula ili kumfurahisha mumewe. Alitafuna upande mmoja, polepole, macho mlangoni. Baadaye hata hilo aliliacha. Joto lilikuwa la kupasua mawe. Dhanuni alimpepea kwa boksi lilelile la mchanga.

Siku moja akamdanganya. Hakuwahi kufanya hivyo, akatafuta maneno asubuhi nzima.

"Nimemwota," alisema.

"Nani?"

"Mtoto. Kijana mrefu. Ameshika ufagio, anakuulizia."

Mkewe alimtazama muda mrefu. Kwa mara ya kwanza tangu waondoke, kitu kama huruma kilipita usoni mwake.

"Dhanuni," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo, jina tupu. "Wewe hata pamba mbovu hukuwahi kumsifia mteja. Usianze sasa."

Dhanuni alifunika uso kwa shuka.

Wahbiya alifariki asubuhi, kabla jua halijapanda. Nadhima alimwosha pamoja na wanawake wawili wa kambi, walitumia maji kidogo, yalikuwa ya mgawo. Walimzika kwenye mteremko nje ya ua wa nyaya, kwenye safu ya wageni. Ardhi ilikuwa ngumu, sululu zikarukaruka. Dhanuni aliomba naye achimbe, wakamkatalia kwa umri wake. Akakaa juu ya udongo uliotolewa.

Baada ya dua Sabawi alitoa kipande cha mbao na kopo la rangi. Yeye alijua kuandika, Dhanuni hakujua.

"Nimwandikeje? Mama Ghaibu, mke wa Dhanuni wa magodoro?"

"Hapana."

"Mtaa mzima unamjua kwa jina hilo, kaka. Atakayekuja kumtafuta atamjuaje?"

"Andika Wahbiya."

Sabawi alishika brashi hewani, rangi ikadondoka kwenye kiatu chake. Alisema si vizuri, mtu asiondolewe heshima yake kaburini. Dhanuni alimwacha amalize. Kisha akamweleza kwamba jana yake jioni alimsogezea mkewe kikombe mdomoni, akamwita kama alivyomwita maisha yote, Mama Ghaibu, kunywa. Naye akakisukuma kikombe kwa mgongo wa mkono, akasema:

"Usiniite hivyo tena. Hakuna mtoto anayekuja. Mimi ni Wahbiya tu."